Eucabeth na Chujio la Waifai

Eucabeth Nyamwange alichuna chai miaka kumi na moja katika shamba kubwa upande wa Kericho, mpaka mashine za kuchuna zilipoletwa. Mashine moja ilifanya kazi ya watu wengi, na kundi lake lote likaambiwa halihitajiki tena. Wenzake wengi walirudi Kisii walikotoka. Yeye alibaki, kwa sababu baba yake alikuwa amenunua kipande cha ardhi kijijini kwetu, juu kidogo ya Litein, na yeye mwenyewe alikuwa amezaliwa hapo hapo. Shamba langu na lake yanapakana. Ndiyo maana ninayosimulia hapa mengine niliyaona mwenyewe, na mengine alinieleza yeye tukiwa tumesimama kwenye ua, kila mtu na ndoo yake.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa alipojiandikisha katika chuo cha ufundi kujifunza kuunganisha intaneti. Darasa lilikuwa la vijana watupu. Alirudi baada ya mwaka mmoja na ngazi ya chuma, mkanda wa kupandia milingoti, na wazo ambalo wengi wetu tulilicheka. Aliomba kanisa ruhusa ya kufunga antena juu ya tangi la maji, kisha akaanza kuvuta waifai kutoka pale hadi kwenye nyumba za mteremko mzima. Alikwea mikaratusi kufunga vifaa akiwa amevaa sketi ndefu juu ya suruali. Kufikia mwaka wa pili, nyumba hamsini na kitu zilikuwa zimeunganishwa, na kibanda chake pale Litein, karibu na stendi ya boda boda, kilijaa vifaa vya kutengenezwa.

Wakati huo mama wakimuuliza watoto wanaangalia nini kwenye hiyo intaneti, alikuwa na jibu moja. "Mimi ni bomba tu," alisema. "Maji yakifika kwako ni yako. Ukipika uji, ukiyamwaga, hiyo si kazi ya fundi."

Tuliona ni jibu zuri. Hata yeye aliliamini.

Jumamosi moja, mwezi wa pili, msichana anayeitwa Chepngetich alisimama mlangoni mwa kibanda. Ana miaka kumi na tatu, yuko gredi ya nane, na kijiji kizima kinamjua kwa mbio. Mama yake ni Rodah, ambaye huuza maziwa na kuchuna chai yake mwenyewe. Eucabeth alidhani ametumwa kulalamika kwamba waifai imepotea.

"Chamgei, Anti," msichana alimsalimu kwa Kikipsigis.

"Mising. Ingia."

Hakuingia. Alisubiri mpaka kijana aliyekuja kuchukua chaja akaondoka, ndipo akauliza, akiangalia chini, "Anti, mtu akikuwa na picha yako kwa simu yake, wewe unaweza kuitoa ukiwa huku?"

Eucabeth alikuwa ameshika bisibisi. Aliniambia kwamba mwili wake ulielewa swali hilo kabla ya akili yake. Hakuinua uso haraka. Alikaza skrubu aliyokuwa akiikaza, akaweka kile kifaa chini, akavuta kiti.

"Hapana, siwezi kuitoa," alisema. "Lakini kuna mambo mengine naweza kufanya. Keti uniambie."

Ilichukua muda. Video ya mashindano ya shule ilikuwa imewekwa mtandaoni, na Chepngetich alionekana akimaliza wa pili. Mtu aliyejiita Kocha Dan aliandika kwamba ana kambi ya wasichana wakimbiaji na anatafuta vipaji. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Kila mlima hapa una mtoto aliyetoka kwa miguu yake akaenda mbali. Alimuuliza urefu wake na kilo zake. Akaomba picha akiwa amevaa nguo za kukimbia, aone misuli. Akaipata. Akaomba nyingine, nguo zikiwa zimepungua, akisema ni utaratibu wa daktari wa kambi. Akaipata tena. Alipoomba ya tatu msichana alikataa, na siku hiyo kocha akabadilisha lugha. Alisema asipoipata kufikia Jumapili, zile mbili zitaenda kwa mwalimu wake na kwa kila mtu wa kanisa.

"Jumapili hii?" Eucabeth aliuliza.

"Kesho."

"Mama anajua?"

Msichana alitikisa kichwa. "Atavunja simu. Halafu atanikataza kukimbia."

Eucabeth alirudia kuniambia maneno hayo mara nyingi baadaye. Mtoto alikuwa amekaa siku nne na hofu ya mtu asiyemjua, na bado hofu ya nyumbani ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

"Sikiliza," alimwambia. "Wewe hujafanya makosa ya kukufanya ujifiche. Huyo mtu ndiye mkosaji. Usifute kitu hata kimoja. Usimjibu. Na lazima mama ajue leo, lakini nitaenda na wewe, na nitaongea kwanza."

Alifunga kibanda saa sita mchana, siku ya soko, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena. Walimkuta Rodah akiosha mitungi ya maziwa nyuma ya nyumba. Eucabeth alimweleza yote kwa mpangilio, bila kupamba na bila kupunguza, huku Chepngetich amesimama nyuma yake. Rodah alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafuta mikono kwenye leso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nipe hiyo simu."

Msichana alimpa. Rodah aliinua mkono juu ya jiwe la kufulia, na Eucabeth akaweka kiganja chake juu ya simu, akaishika pamoja naye.

"Mama Chepngetich, hii ndiyo shahidi wetu. Ukiivunja, huyo mtu amepona."

Walishikana hivyo kwa muda. "Wewe ndiye ulileta hii kitu kwa nyumba yangu," Rodah alisema.

"Ni mimi."

"Ulisema wewe ni bomba."

"Nilisema. Nilikuwa nimekosea."

Rodah aliachilia simu. Akakaa juu ya mtungi uliopinduliwa, akamwita mtoto wake, na msichana akaja akapiga magoti akaweka kichwa kwenye mapaja yake. Eucabeth alitoka akaenda kusimama kwenye miche ya chai, akapiga 116, ile namba ya watoto. Mama aliyepokea alimweleza la kufanya: wahifadhi ujumbe wote, wasimtumie huyo mtu chochote, waende polisi siku hiyo hiyo.

Walikwenda. Afisa wa dawati la watoto alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakumuuliza msichana kwa nini alituma. Alimuuliza lini, kwa namba gani, kwa jina gani, na akaandika polepole. Alipomaliza alimwambia Rodah, "Sheria ya hii maneno tuko nayo. Shida ni kwamba watoto wanakuja wakiwa wamechelewa sana, ama hawaji. Huyu wako amekuja mapema. Umshukuru."

Kwa ushauri wa afisa, walimweleza pia mwalimu mkuu kabla ya Jumapili, ili kitu chochote kikimfikia akikabidhi polisi bila kukifungua. Jumapili ilipita. Yule mtu alituma vitisho vitatu, havikujibiwa, akanyamaza. Baada ya wiki tano alikamatwa katika mji wa mbali. Hakuwa kocha wa kitu chochote. Simu yake ilikuwa na mazungumzo na wasichana wengine, karibu wote wakimbiaji. Kesi bado inaendelea, na afisa humpigia Rodah kila inapotajwa.

Lakini kabla hajakamatwa, habari ilikuwa imevuja kijijini. Jina halikutajwa waziwazi, ingawa wengi walikisia. Naibu wa chifu, Hezekiah Kipkirui, aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule ya msingi, Alhamisi saa nne asubuhi. Nilienda mapema na bado nilikosa kiti.

Wa kwanza kusimama alikuwa Obure, fundi wa kujenga na mzee wa kanisa, baba wa wasichana wanne. Ni mtu anayeheshimiwa, na haongei ovyo.

"Mtoto chini ya miaka kumi na minane hana haja na simu," alisema. "Sisi tulisoma bila hiyo. Naomba baraza hili liamue mambo mawili. Moja, mtoto asishike simu. Mbili, nyumba yenye mtoto, waifai ikatwe. Eucabeth aikate yeye mwenyewe, ndiyo aliiweka."

Watu walipiga makofi. Sitasema uongo, hata mimi nilipiga. Tulikuwa na hasira, na hapo ndipo palipokuwa na mtu wa kukasirikiwa.

Eucabeth aliomba nafasi. Alikuja mbele akiwa na koti lake la kazi, bila karatasi.

"Obure ameongea kama mzazi, na mimi simlaumu," alianza. "Nataka kwanza nikubali langu. Niliwaambia mimi ni bomba. Ukweli ni kwamba kile kifaa pale kwa tangi kina uwezo wa kuzuia vitu vingi vibaya visifike nyumba yoyote. Kimekuwa na huo uwezo tangu siku ya kwanza. Sikukiwasha kwa sababu hakuna mtu aliniuliza, na kwa sababu kusema si kazi yangu ilikuwa rahisi. Hiyo ni makosa yangu, na nimeyarekebisha Jumatatu."



"Sasa, nikikata kama mnavyosema, nitawaambia kitakachofanyika. Mimi niko stendi kila siku, naona. Mtoto hatakosa simu. Ataazima ya mtu wa boda boda, ataangalia nyuma ya duka, mahali wewe hauko na mimi siko. Na kazi ya shule walimu wanatuma kwa simu. Mtoto wa mwenye gari ataipata, wa kwetu ataikosa."

Kogo Yunia, bibi mzee anayeishi na mjukuu wake wa kike, aliinua fimbo akiwa ameketi. "Mimi macho hayaoni," alisema. "Mjukuu wangu ndiye ananisomea maneno ya kliniki kwa hiyo simu, siku ya kurudi na dawa. Ana miaka kumi na nne. Mkizima, mniambie nani kati yenu atakuja kunisomea."



Naibu wa chifu aliuliza, "Eucabeth, hii si kazi ya serikali? Sisi ni kijiji tu."

"Ni kazi ya serikali pia, mzee," alijibu. "Kampuni ikiruhusu mtu mzima amwandikie mtoto asiyemjua, mimi hapa na ngazi yangu siwezi kuizuia. Hiyo inataka sheria, na inataka mtu wa kuisimamia hiyo sheria bila kuogopa jina la kampuni. Tuwaambie viongozi wetu hivyo wakija kuomba kura. Lakini serikali iko mbali, haiwezi kuona mtoto aliyeacha kula. Jirani anaona. Kwa hiyo mimi naomba mambo matatu, na hayo tunayaweza bila kungoja mtu."

La kwanza, chujio hilo la kwenye tangi libaki limewashwa kwa kila nyumba, na mtu mzima anayetaka lake litolewe aje kibandani mwenyewe aseme. La pili, simu na tableti za watoto zikatiwe intaneti kuanzia saa tatu usiku mpaka asubuhi. Wazazi wampe orodha ya vifaa hivyo naye atapanga mtambo. Watu waliitikia kwa vichwa. Hata Obure alikubali.

"La tatu halina mtambo," alisema. "Mtoto akija mwenyewe kusema ameingia kwa shida ya mtandao, siku hiyo hachapwi, na hanyang'anywi simu. Siku hiyo ni ya kumsikiliza."

Hapo minong'ono ilianza. Obure alisimama tena. "Yaani mtoto akikosea asirudiwe? Tunalea namna gani hapo?"

"Utamrudi siku nyingine ukitaka. Siku ya kusema, hapana."

"Mimi hilo silikubali."

Kelele zilikuwa zinapanda Rodah aliposimama. Alikuwa ameketi katikati ya akina mama na hakuna aliyetarajia aongee. Alingoja mpaka kila mtu aliyemwona akanyamaza.

"Nina swali kwa wazazi," alisema. "Mtoto wako akipatikana na hiyo shida leo, atakuja kwako kwanza, ama ataenda kwa mtu mwingine? Usinijibu mimi. Ujijibu."

Akaketi. Nilifikiria wajukuu wangu wawili, na jibu nililolipata sikulipenda. Nadhani si mimi peke yangu, kwa sababu mikono ilipoinuliwa kwa jambo la tatu, ilikuwa mingi kuliko ya yale mawili ya kwanza. Obure hakuinua wake, na hakuna aliyemsuta.

Si kwamba mambo yalinyooka kuanzia siku hiyo. Nyumba mbili zilihamia kwa mtu mwingine wa waifai, zikisema Eucabeth amekuwa chifu. Mwanamume mmoja, sitamtaja, alikuja kibandani kuomba chujio lake litolewe ili acheze kamari za mpira. Alimkuta Kogo Yunia ameketi pale akingoja simu yake, akaona aibu kusema, akajifanya anaangalia chaja, akanunua betri ya redio ambayo hakuihitaji, akaenda. Eucabeth alicheka alipokuwa akinisimulia mpaka akashika mti wa ua.

Na siku kumi baada ya baraza, chujio lilishindwa. Aliyelishinda alikuwa Mokeira, binti wa dada yake, wa miaka kumi na sita, anayeishi naye nyumba moja. Shuleni wanafunzi walikuwa wamepeana programu ya simu inayopitisha mtu pembeni mwa kizuizi. Eucabeth aligundua kwa kuangalia mtambo, akaona kifaa cha nyumbani kwake mwenyewe.

Hakumfokea. Aliweka simu mezani asubuhi wakinywa chai, akamwambia, "Nionyeshe umefanyaje."

Mokeira alifikiri ni mtego. "Utanichapa?"

"Nataka kujua. Wewe umenishinda, na mimi ndiye nina cheti."

Msichana alimwonyesha, kwanza kwa woga, halafu kwa majivuno kidogo. Walikaa Jumapili mchana kutwa wakitafuta jinsi ya kuifunga ile njia, na walipoifunga, Mokeira akatafuta nyingine akaipata. Tangu siku hiyo kazi yake ya kila mwisho wa mwezi ni kujaribu kutoboa chujio la mama yake mdogo. Mara nyingi hufaulu. Eucabeth haoni aibu kulisema. "Watalitoboa kila mwezi na nitaliziba kila mwezi," aliniambia. "Kwani wewe magugu ya chai unang'oa mara moja?"

Kwa nyumba ya Obure, hakuna waifai mpaka leo. Eucabeth anasema hiyo ni haki yake na hajawahi kumshawishi. Ila Jumamosi asubuhi Obure huja kibandani na binti yake wa pili, msichana hufanya kazi ya shule kwenye kompyuta ya kona, naye baba huketi kando akisoma kila kinachotokea kwenye skrini, midomo ikicheza. Siku moja nilimsikia akimuuliza mtoto maana ya neno fulani, na mtoto akamweleza, naye akasema, "Kumbe." Wamekuwa wakifanya hivyo muhula mzima.

Tangu lile baraza watoto wanne wameenda kwa Eucabeth au kwa wazazi wao wenyewe na shida za mtandao. Hao ni wale tunaowajua. Majina hatoi, hata kwangu, nami nimeacha kuuliza. Ninachojua ni kwamba wawili walianza kwa mama zao.

Chepngetich aliacha kukimbia karibu mwezi mzima. Hakuna aliyemkataza, aliamka tu asubuhi na kukaa. Rodah ndiye aliyeenda shuleni kuongea na mwalimu wa michezo, akarudi akamwambia mtoto, "Kesho nitakusindikiza mpaka uwanjani, halafu niende kwa chai." Alimsindikiza wiki mbili. Kwenye mashindano ya muhula wa pili msichana alimaliza wa nne, na Rodah alikuwa kando ya njia ameshika sweta lake. Mtu mmoja alipotaka kupiga picha, Rodah alimgeukia binti yake kwanza, akauliza, "Unataka?" Chepngetich alifikiri kidogo, akasema apigwe akiwa na wenzake.

Siku hizi Eucabeth huitwa sehemu nyingine. Ameenda Silibwet, na mwezi uliopita alienda Mulot, ambako wazazi wengi ni wafugaji na wakulima wa ngano, na waifai ndiyo kwanza inafika. Nilimsindikiza kubeba ngazi. Walimsikiliza saa nzima darasani, na mwishoni baba mmoja mwenye kofia ya manyoya akainua mkono.

"Mwalimu, tuambie namba. Mtoto apewe simu na miaka mingapi?"

"Mimi si mwalimu, ni fundi," Eucabeth alisema. "Na namba moja ya watoto wote sina. Mpe yako siku utakapokuwa tayari kusikia habari mbaya kutoka kwake bila kuinua mkono. Kama hauko tayari, ngoja. Na ukingoja, jizoeze."

Yule baba aligeuka akamwambia jirani yake kitu kwa Kikipsigis, na wote wawili wakaitikia kwa vichwa polepole. Kisha mkuu wa shule akasema mlingoti wa kufungia antena uko nyuma ya jikoni, na Eucabeth akafunga mkanda wake, akaniomba nishike ngazi vizuri kwa sababu ardhi ya pale ni laini.